Hesabu ya Vitu Visivyopumua

Kabla hakujapambazuka Mama Martha alikuwa akivunja michembe. Tak. Kimya kidogo. Tak. Viazi vile, vilivyokatwa na kuanikwa tangu mwaka jana, vilikuwa vigumu kama vigae, naye alivivunja kwa mkono juu ya sufuria, kimoja kimoja, taratibu, kwa kuwa alijua mpangaji wake yuko upande wa pili wa ukuta na hakutaka kumwamsha.

Lakini Gloria alikuwa macho. Alikuwa amelala chali tangu jogoo wa kwanza, mikono juu ya tumbo, akisikiliza. Tak. Kumi na moja. Tak. Kumi na mbili. Alipogundua kwamba anahesabu, akaacha, akajigeuzia ukutani, akajigeuza tena, mwisho akatupa shuka pembeni na kuketi.

Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake saa nne asubuhi Mwalimu Maganga angepeleka kwa mwalimu mkuu orodha ya watoto wa darasa la kwanza wanaorudishwa darasa la awali. Majina yalikuwa kumi na mawili. Jina la nane lilikuwa Kwandu Bundala, na aliyelipendekeza lile jina ni yeye Gloria, kwa kalamu yake, kwa maneno mawili: hajawa tayari.

Alikuwa mwanachuo wa ualimu, amekuja Dutwa kwa mafunzo ya vitendo ya wiki nane. Sita zilikuwa zimekwisha. Alipofika, Mwalimu Maganga, mwalimu wa darasa, alimwonyesha watoto mia moja na kumi na wawili wamekaa chini kwenye sakafu ya saruji, akamwambia, "Hawa ni wako na wangu. Ukichoka niambie, nami nikichoka nitakwambia." Kisha akampa kiti chake, maana kilikuwa kimoja, na yeye tangu siku hiyo akawa anafundisha amesimama.

Taa ya simu ikiwa imewashwa, Gloria alifungua daftari la chuo. Ukurasa aliutafuta bila kuangalia, vidole vilishaujua. *Kanuni ya utayari. Mtoto aliye tayari, akiruhusiwa kutenda, hufurahi. Aliye tayari, akizuiwa, huumia. Asiye tayari, akilazimishwa, huumia pia.* Somo hilo alilifaulu vizuri. Mistari yote mitatu alikuwa ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Sasa ilikuwa inamnyima usingizi. Maana huyu aliye tayari akazuiwa, na yule asiye tayari akalazimishwa, wote wawili ukiwatazama wameinamisha kichwa. Wote wawili hawasemi. Daftari halikuandika popote namna ya kuwatofautisha.

Na Kwandu hakuwa hivi mwanzoni. Alikuwa binti wa miaka minane, amechelewa kuanza shule kwa sababu kwao wanafuga na alikuwa akiangalia ndama. Wiki mbili za kwanza alijibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota, Kisukuma kikijipenyeza katikati, lakini alijibu. Kisha Gloria akafundisha somo la kuhesabu vitu vya mazingira yetu. Mkufunzi wao chuoni alikuwa akisisitiza: anzeni na kile mtoto anachokijua. Basi akawauliza mmoja mmoja, kwenu kuna nini, vingapi? Kuku watano. Mbuzi wawili. Baiskeli moja. Kwandu alipofikiwa alitikisa kichwa.

Gloria akachuchumaa mbele yake. Akambembeleza. Akamwahidi penseli yenye kifutio. Mtoto akamtazama kwa muda mrefu, akatazama penseli, akakunja vidole chini ya sketi, kisha akanong'ona: ishirini na tatu. Ng'ombe. Hakukosea hata njiani. Darasa zima likampigia makofi, na Gloria usiku ule aliandika kwenye ripoti yake kwamba mbinu imefanikiwa.

Tangu wiki ile Kwandu hakuhesabu tena kitu chochote. Si kokoto, si vijiti, si vidole. Penseli aliirudisha, akaiweka mezani pa mwalimu siku ambayo hapakuwa na mtu.

"Mwalimu, umeamka?" Mama Martha aliuliza kutoka jikoni.

"Nimeamka, mama."

"Nilijua. Kitanda kinalia kama mkokoteni. Njoo ule kabla hujaenda kuwatia hofu watoto wa watu."

Alikula amesimama. Mama Martha alimwekea karanga juu ya michembe, nyingi kuliko alizojiwekea mwenyewe, akajifanya anatafuta kitu nje ili mgeni asione.

"Hiyo michembe haikimbii," akasema aliporudi. "Kaa."

"Nikikaa nitafikiri."

"Basi kachote maji. Ndoo haina mawazo."

Penye bomba la kijiji wanawake watano walikuwa wametangulia. Mvua ilinyesha jana yake, na ule udongo mweusi wa huku ulikuwa umeshika kandambili za kila mtu. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Shida, mama yake Kwandu, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye Gloria alizoea kumsalimia na kupita.

"Mwangaluka, mayu," Gloria alisema. Ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na mayu ni mama.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mhola?"

"Mhola," Shida alijibu, yaani salama, akasogeza ndoo yake kwa mguu. Kisha bila kumtazama akaongeza, "Nyie ndio mnafundisha watoto kuhesabu mali za watu."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Shida, mwache mwalimu, mgeni huyo."

"Mgeni gani? Wiki sita anakunywa maji yetu."

"Nimekosea nini, mayu?" Gloria aliuliza.

Shida aligeukia bomba. Alisubiri zamu yake, akakinga, na ndoo ilipojaa akampa Gloria ishara ya macho: nisaidie kujitwisha. Wakaiinua pamoja. Lakini badala ya kuondoka, Shida alisimama pale pale, maji kichwani, akasema kwa sauti ya chini.

"Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Unawatazama jioni wakiingia, unajua nani hayupo. Basi. Wewe ulimhesabisha mtoto mbele ya watu, mkapiga na makofi. Siku ya pili yake mtamba wetu akafa. Yule mwenye paji jeupe."

Gloria alihisi mikono yake imebaki hewani, pale ilipoiachia ndoo.

"Mimi sisemi ni wewe," Shida akaendelea. "Mtoto ndiye anasema ni yeye. Kila nikikamua anakuja kunisimamia nyuma. Mama, nimemwua mimi. Sasa hata sahani hahesabu. Namwambia lete sahani nne, analeta zote, naondoa mwenyewe."

"Baba yake anajua?"

"Anajua mtamba kafa. Hili la mtoto hajui. Mtoto kaniomba nisimwambie." Akanyoosha shingo, maji yakatulia. "Tumesikia mnamrudisha kwa watoto wadogo. Baba yake kasema akirudishwa, basi ataendelea na ndama. Hasemi kwa ubaya. Anasema shule ikikwambia hapana, utaendaje kulala mlangoni kwake?"

"Mayu, naweza kuja nyumbani leo?"

"Njia si ipo?" Shida alisema. Alipopiga hatua mbili akageuka mwili mzima, kama anavyogeuka mtu mwenye maji kichwani. "Lakini ya mtoto niachie mimi. Wewe sema ya kwako."

Gloria alirudi na ndoo nusu, nyingine imemwagika njiani. Jambo lililomuuma zaidi ni kwamba alikuwa analijua. Alikulia Bariadi mjini, baba yake mwuguzi, nyumba yenye friji. Lakini bibi yake wa Zagayu, akiulizwa ana wajukuu wangapi, alikuwa akijibu, "Wapo tu, wazima." Gloria na ndugu zake walikuwa wakimcheka. Walikuwa wakimwiga.

Shuleni alimkuta Mwalimu Maganga anachonga penseli za darasa kwa wembe, kama alivyofanya kila asubuhi, maganda yakiangukia kwenye kofia yake. Gloria alimweleza yote, haraka haraka, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Simama sehemu moja, madam, unanizungusha kichwa."

"Jina lake tulifute, mwalimu."

"Kwa sababu gani?"

"Nimekwambia. Anaweza. Anaogopa tu."

"Nakuamini." Maganga alipuliza ncha ya penseli. "Lakini fomu ya upimaji haiulizi anaogopa au haogopi. Inauliza anahesabu moja hadi ishirini, ndiyo au hapana. Mimi nimemwona kwa macho yangu wiki tatu, hapana. Nikiandika ndiyo, nimeandika uongo. Na akipanda hivi hivi, mwaka kesho atakaa kwa mwenzangu mwenye watoto mia na arobaini. Nani atamwona huko?"

Gloria akaacha kutembea, kwa kuwa lilikuwa neno la haki.

"Kesho," Maganga akasema, "kabla sijapeleka orodha, nitamwita. Akihesabu mpaka ishirini mbele yangu, kitu chochote, jina nalifuta kwa mkono wangu. Nakupa leo."

Leo ikawa ndefu na fupi kwa pamoja. Kipindi cha pili Gloria aligawa kokoto. Akajisogeza hadi alipoketi Kwandu, karibu na ukuta, akaweka kokoto kumi mbele yake, akasema kwa upole, tuhesabu pamoja. Kwandu alizitazama. Vidole vyake vilikuwa chini ya sketi, na safari hii Gloria aliona: vilikuwa vinakunjika, kimoja kimoja, kisha vinafunguka vyote ghafla kama vilivyoshika moto.

Kipindi cha tatu alileta vizibo vya soda. Cha nne akaimba wimbo wa namba, darasa zima likaimba mpaka vioo vikatetemeka, na midomo ya Kwandu ikabaki imefungwa. Wakati wa uji alimfuata hata pale kwenye foleni. Mtoto akamwona anakuja, akahama foleni. Hapo Gloria akajiona mwenyewe jinsi alivyo, mwalimu mzima anamfukuzia mtoto mwenye kikombe, akarudi darasani akakaa kwenye kile kiti kimoja.

Saa saba Maganga aliingia, akaweka funguo mezani. "Baiskeli yangu iko nyuma ya ofisi. Breki ya mbele haifanyi kazi, tumia miguu. Darasa la kwanza wametoka; kazi ya mchana naimaliza mimi."

Kwa kina Bundala ni mwendo wa nusu saa, mashamba ya pamba kushoto na kulia, majani yamefika kiunoni. Udongo ulijaa kwenye magurudumu mpaka yakagoma kuzunguka, na Gloria aliisukuma baiskeli sehemu kubwa ya njia, akizungumza peke yake, akipanga maneno na kuyapangua.

Bundala alikuwa ameketi nje anasokota kamba ya kufungia ndama. Alisimama alipomwona mgeni, akampa kigoda alichokuwa amekalia, yeye akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Mwadila, baba," Gloria alimpa salamu ya mchana.

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Mhola?"

"Mhola. Na hapa?"

"Mhola duhu. Ng'wana nani wewe, mtoto wa nani?"

"Ng'wana Deogratias. Bibi yangu yuko Zagayu."

"Zagayu upande gani?"

Wakaenda hivyo kwa muda, mvua, pamba, njia, bibi, na magoti ya Gloria hayakutulia, yakawa yanapandapanda chini ya gauni. Kwandu alikuwa mbali kidogo na zizi, anamshikia ndama kichwa. Alikuwa amemwona mwalimu wake. Alikuwa anajitahidi kuwa nyuma ya ndama.

"Baba, nimekuja kwa kosa," Gloria alisema hatimaye. "Nilimfanya Kwandu ahesabu mifugo yako mbele ya darasa. Hakutaka. Nilimbembeleza, nikamhonga penseli. Nilijua haifai, bibi yangu haisemi hesabu ya watu wala ya ng'ombe, ila nilikuwa nimesahau. Kama kuna kosa katika kuhesabu, ni langu. Si la mtoto."

Bundala aliacha kusokota. "Mtoto? Nani kasema mtoto?"

Gloria akageuza macho jikoni. Shida alikuwa mlangoni pa nyumba ndogo ya jikoni, kibuyu cha maziwa mkononi. Alimtazama mumewe, akamtazama Gloria, akaona hapana tena pa kurudi.

"Anasema mwenyewe," Shida alisema. "Tangu siku ile. Kwamba mtamba kamwua yeye, kwa mdomo wake. Kila ninapokamua."

"Na wewe hukuniambia."

"Nawe kuna uliloniambia? Mtamba kafa, ukasema ugonjwa, ukanyamaza wiki tatu. Mtoto angefikiri nini?"

Kamba ilikuwa imemlalia Bundala mapajani. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, na Gloria akadhani ameudhika, amemwacha hapo, na akaanza kutafuta kwa macho ilipo baiskeli. Lakini mzee akarudi na beseni la plastiki, la bluu, limepasuka ukingo. Akaliweka chini katikati yao.

"Kwandu," akaita. "Zugaga."

Mtoto akamwachia ndama, akaja, polepole, akasimama mbali na wote kwa umbali ule ule.

Bundala alisema naye kwa Kisukuma, na Gloria, aliyekisikia kwa bibi yake, alielewa kila neno. "Siku ile nilitoka kupulizia pamba. Nikaosha lile bomba la mgongoni ndani ya beseni hili, hapa hapa, karibu na zizi, mahali ambapo mtu mwenye akili haoshi. Limbu jirani yetu akaniita, ndama wake kazama kwenye tope, nikakimbia kumsaidia. Maji ya dawa nikayaacha. Mtamba akayanywa. Nilipofika nikaona povu, nikajua. Nikamwaga yaliyobaki, nikaficha beseni. Mama yako nikamwambia ni ugonjwa."

Alikuwa mtu mwenye mvi, na haikuwa rahisi kwake, mbele ya mke, mbele ya mgeni.

"Niliona haya. Mtu aliyefuga tangu utoto, anawatilia ng'ombe wake sumu kwenye beseni. Sikujua kwamba wewe umebeba lawama. Mdomo wako haukumfanya kitu."

Kwandu alilitazama beseni. Alilizunguka nusu duara, kama linaweza kuwa bado lina maji.

"Dawa ndiyo imemwua?"

"Dawa."

"Siyo ishirini na tatu?"

Bundala alishtuka kidogo mabegani, namba yenyewe ilivyotajwa wazi hivyo nyumbani kwake. "Siyo hiyo," akasema. Halafu, "Ila usiitaje tena. Hilo halijabadilika."

Shida alicheka puani, kicheko kifupi, akajipangusa macho na ncha ya khanga. Bundala akaokota kamba yake lakini hakuisokota.

Gloria alikuwa na kokoto mfukoni. Alikuwa amezibeba makusudi, ishirini kamili, na sasa mkono wake ulikuwa tayari umeshaingia, unazishika. Muda ni huu, alijiambia, kesho saa nne, muda ni huu. Kabla hajazitoa, Shida alikuja akamwekea kibuyu mikononi, mikono yote miwili ikabidi ishike.

"Kunywa kwanza, mwalimu," alisema. "Umekuja unahema."

Maziwa yalikuwa mgando, baridi, yenye harufu ya moshi. Gloria alikunywa, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, hakuuliza kitu. Kwandu aliketi chini karibu na mama yake, akaegemea mguu wake. Hakuhesabu, hakuna aliyemwambia ahesabu. Ndama alikuja akalamba beseni, na Bundala akalinyakua kwa haraka ambayo haikuhitajika tena.

Wakati wa kuondoka Bundala alikuwa ameshachukua kijiti, anakwangua udongo kwenye magurudumu, gurudumu la mbele, la nyuma, hata kwenye mnyororo.

"Kesho akishindwa?" Gloria alimwuliza.

"Akishindwa atabaki na mimi. Sitaki achekwe na vitoto vinavyojinyea." Alijaribu pedali, ikazunguka. "Lakini asubuhi nitamleta mwenyewe. Hajawahi kuniona shuleni. Anione."

Usiku ule Gloria alilala vipande vipande. Asubuhi Mama Martha alimtazama tu, akasukuma karanga upande wake.

Saa nne kasoro Bundala alikuwa amesimama nje ya dirisha la darasa, kofia mkononi, koti la Jumapili siku ya Ijumaa. Maganga alimtoa Kwandu mbele, karibu na meza. Orodha ilikuwa mezani, majina kumi na mawili. Watoto mia na zaidi wakanyamaza kwa namna watoto wanavyonyamaza wanapojua mwenzao amefikwa na jambo.

"Kwandu," Maganga alisema kwa sauti ya kawaida. "Nihesabie. Moja mpaka ishirini. Pole pole."

Kwandu akainamisha kichwa.

Gloria alikuwa amesimama karibu na ubao. Alitaka kusema moja. Alitaka tu kumwanzishia, moja, mdomo wake ulishatengeneza herufi. Alikumbuka foleni ya uji. Akaweka mikono nyuma, akashika kidole cha kushoto kwa mkono wa kulia, akakibana hadi kikauma. Dirishani kofia ya Bundala ilikuwa inazunguka, inazunguka. Nusu dakika ikapita. Maganga akatazama orodha.

"Nihesabu nini?" Kwandu aliuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tatu sauti yake kusikika ndani ya chumba kile. Maganga alimtazama Gloria.

"Chochote," Gloria alisema. "Chochote kisichopumua."

Kwandu alifikiri. Alipeleka macho mezani: orodha, wembe, kofia yenye maganda ya penseli, boksi la chaki. Akalivuta boksi. Akatoa chaki ya kwanza, akailaza.

"Moja."

Alisubiri. Alitazama dirishani, na baba yake alikuwa bado amesimama, mzima. Akalaza nyingine.

"Mbili. Tatu."

Alikuwa akizilaza safu moja, akizinyoosha kwa kidole, hana haraka kabisa, na ni yeye peke yake chumbani humo asiyekuwa na haraka. Kwenye saba akasema neno la Kisukuma, akajirudi mwenyewe. Kwenye kumi na tatu akashika kipande kilichovunjika, akasimama. Gloria akafumba macho.

"Hii imekatika," Kwandu alisema. "Ni moja au siyo moja?"

"Wewe unaonaje?" Maganga aliuliza.

Mtoto akachungulia ndani ya boksi, akachakura, akatoa kipande cha pili, akaviunganisha kichwa kwa kichwa. "Zote mbili ni moja. Kumi na tatu."

Maganga alijikuna kidevu. Kumi na nne. Kumi na tano. Nje mtu alikohoa. Kumi na nane. Kumi na tisa. Kwandu akatia mkono kwenye boksi, akaligeuza, akaligonga chini. Unga mweupe ukamwagika. Boksi lilikuwa tupu.

Akakaa kimya, na kimya hicho Gloria alikijua mno, wiki tatu alikuwa ameishi nacho. Lakini Kwandu hakuinamisha kichwa. Alikuwa anatazama juu ya meza, chini ya meza, kisha akamtazama Mwalimu Maganga kuanzia viatu kwenda juu, kama anavyotazamwa ng'ombe anayeingia zizini jioni.

"Ya ishirini unayo wewe," alisema.

Maganga akatazama mkono wake. Chaki aliyoandikia tarehe asubuhi alikuwa bado ameishika. Alicheka hadi akakaa kwenye kile kiti kimoja, mara ya kwanza kukikalia kwa wiki sita, akaiweka chaki mwisho wa safu.

"Ishirini," Kwandu alisema.

Makofi yalitaka kuanza, na Gloria akainua mkono haraka kuyazuia. Darasa likaelewa au halikuelewa, lakini lilinyamaza. Maganga alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina la nane, akaandika herufi za jina lake pembeni. Nje ya dirisha kofia iliacha kuzunguka, ikavaliwa.

Gloria alipaswa kutulia hapo. Badala yake alikuwa anasoma majina yaliyobaki, kichwa chini. Mahona. Sylvester. Jenifer, ambaye alikuwa analia kila Jumatatu na hakuna aliyewahi kumwuliza Jumapili kwao kuna nini. Kumi na moja.

"Mwalimu," alisema, "orodha hii nipe mpaka Jumatatu."

"Madam. Umebakiza wiki mbili."

"Ndiyo maana."

Maganga aliikunja orodha mara mbili. Alitazama ofisini kwa mwalimu mkuu, akamtazama Gloria, ambaye alikuwa ameshaanza tena kutembea, dirishani, mlangoni.

"Mwalimu mkuu ana kikao mjini leo," alisema. "Anaweza kuisoma Jumatatu." Akatoa funguo. "Pampu iko chini ya tandiko. Gurudumu la nyuma linavuja."

Kengele ya uji ikalia. Watoto wakamwagika nje, na Gloria akatoka nao, funguo mkononi, akiwaza aanze kwa nani, njia ya Mahona au ya Jenifer. Bundala alikuwa ameshaondoka, mgongo wa koti lake ukionekana mbali kati ya pamba. Mtu akamshika gauni kwa nyuma.

Kwandu alikuwa na kikombe cha uji, hakijamwagika hata tone. Mkono mwingine aliunyoosha, kiganja wazi, akasubiri. Gloria hakuelewa mara moja. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaitoa ile penseli yenye kifutio ambayo alikuwa anatembea nayo tangu ilipoachwa mezani, akamwekea kiganjani.

Kwandu aliikagua pande zote, akaichomeka kwenye nywele juu ya sikio.

"Mama amesema kibuyu chako kipo," alisema. "Na ng'ombe wa Limbu kazaa leo, Limbu katuletea maziwa ya mwanzo. Madam, utakuja tena kwetu?"

"Nitakuja."

"Lini?"

Gloria alitazama funguo, akatazama njia ya matope. "Nikimaliza kwa wenzako."

"Njoo Jumapili," Kwandu alisema. "Njoo tena. Tutakaa tu."